DAWA YA CHUNUSI IMENISAFISHA USO, ILA NJOO NIKUAMBIE BEI YAKE

Leo siji na umbea. Basi, kidogo tu, wa kuanzia.

Kuna dada mmoja msanii, jina kapuni. Msianze kubashiri, hata mkipatia sisemi. Juzi juzi kaweka picha bila meikapu wala filta, ngozi imetulia kama yai la kuchemsha lililomenywa. Watu wakamwuliza siri ni nini. Akajibu: maji mengi, usingizi wa kutosha na kusamehe watu.

Nilicheka peke yangu. Wenzangu waliangalia mashavu, mimi niliangalia midomo. Ilikuwa imechanika kwenye kona zote mbili, na juu kapaka mafuta mazito hadi yanang'aa. Siapi na sina ushahidi, lakini midomo ya aina ile naijua, nimeishi nayo miezi sita. Maji mengi hayapasui midomo.

Simlaumu, uso ni wake na siri ni yake. Ila kila wiki nikifungua inboksi nakuta wadada, na makaka wachache wenye aibu, wananiuliza mimi nilitumia nini. Nikisema ni dawa ya cheti cha daktari, swali linalofuata ni moja: "Naipata wapi?" Hakuna hata mmoja aliyeniuliza dawa yenyewe inakufanya nini. Sasa leo najibu hilo ambalo hamuulizi.

TULIKOANZIA

Chunusi zangu hazikuwa vile vipele viwili vya kabla ya siku zako. Yalikuwa mavimbe ya ndani, kidevuni na mgongoni. Ukilalia upande yanauma, yakipona yanaacha shimo. Nilianza hospitali hapa hapa Tanga. Daktari akaniandikia krimu ya benzoili peroksaidi na vidonge vya doksisaiklini, ile wengi tunaiita doksi.

Krimu ile inafanya kazi, lakini haina urafiki na nguo, inakula rangi. Foronya zangu zote zina mabaka, taulo lina mabaka, na kanga ya mama aliyokuwa anaitunzia shughuli ikatoka doa jeupe kama imedondokewa jiki. Mama hakusema kitu. Aliikunja tu akaiweka juu ya kitanda changu, nikajua sasa ni yangu.

Doksi nayo ina masharti yake. Unameza na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama, na hulali mpaka ipite kama nusu saa, kwa sababu ikikwama kooni inaunguza. Huichanganyi na maziwa wala na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma. Mjamzito hapewi kutibu chunusi, na mtoto mdogo hivyo hivyo, inaweza kumharibu rangi ya meno. Halafu kuna jua. Jua la Tanga unalijua mwenyewe. Ukiwa kwenye doksi, ukitembea Raskazone saa nane mchana ni kama mtu kakusogezea jiko la mkaa usoni. Usiku ngozi inawaka, kesho yake inabanduka.

Nilimaliza miezi mitatu. Zikapungua, halafu zikarudi na hasira. Daktari akaniandikia rufaa kwenda Moshi.

MASWALI YA NYUMA YA MLANGO

Kama hujui, pale KCMC Moshi kuna kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi kinaitwa RDTC. Kipo tangu 1992, na wanakuja kusoma pale watu wa nchi nyingi za Afrika. Hata yale mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua ndugu zetu wenye ualbino yalianzia pale pale KCMC. Kwa hiyo nilipanda basi la alfajiri na mama pembeni yangu. Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same, hadi makalio yakafa ganzi. Mama alisema binti haendi hospitali ya mbali peke yake, mjadala ukaisha.

Daktari alikuwa mama mtu mzima. Akanikagua uso na mgongo, akaniambia dawa inayonifaa inaitwa isotretinoini. Akaeleza vizuri hadi mama akaelewa. Dawa hii ni ndugu wa vitamini A. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1982 na kampuni ya Roche kwa jina la Accutane. Kazi yake kubwa ni kusinyaza vile vitezi vya kwenye ngozi vinavyotoa mafuta. Mafuta yakipungua, chunusi inakosa chakula. Sasa hapo ndo ujanja wote ulipo na ndo tabu yote ilipo, kwa sababu dawa haijui kuchagua. Haikaushi kidevu peke yake, inakukausha wewe mzima.

Halafu akamgeukia mama. "Mama, naomba utupishe dakika mbili tu."

Mama alinitazama. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Mlango ulipofungwa daktari akasema, "Mwanangu, nitakuuliza maswali ambayo si ya kukuvunjia heshima. Kila mwanamke anayekuja kuchukua dawa hii namuuliza, mwenye hijabu na asiye na hijabu, mwenye ndoa na asiye na ndoa."

Akauliza. Siku zangu za mwisho zilikuwa lini. Kuna mtu au hakuna. Kama yupo, tunajikinga na nini. Niko tayari kupimwa mimba leo na kila mwezi? Na nikichelewa hata siku tatu, nitamwambia nani? Nilitamani sakafu ipasuke. Yeye alikuwa anaandika tu, kama anauliza nimekula nini asubuhi.

Kisha akaniambia sababu, na naomba hapa usome taratibu. Mimba ikiingia ukiwa kwenye dawa hii, hata kama umemeza siku chache tu, inaweza kuharibika yenyewe, au mtoto akazaliwa na matatizo ya ubongo, moyo, uso na masikio. Kwa hiyo hubebi mimba mwezi mmoja kabla, muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Hata damu huruhusiwi kuchangia katika kipindi hicho, maana hujui atakayewekewa ni nani. Huenda ni mjamzito.

Hiyo ya damu ndo ilinikaa kichwani. Yani dawa ya chunusi yangu inaweza kumfikia mtoto wa mtu nisiyemjua.

Nilipotoka mama akauliza, "Mlikuwa mnazungumza nini?"

"Mambo ya dawa, mama."

"Haya."

Hakuongeza neno. Tulipofika Same, akiwa anamenya chungwa, akasema bila kunitazama, "Bora wao wanauliza. Sisi hatukuulizwaga kitu."

MAUDHI

Kliniki zetu wanatenganisha maneno mawili, na nimeyapenda: maudhi na madhara. Maudhi yanakusumbua lakini unaishi nayo. Madhara yanakufanya usimamishe dawa na kukimbilia hospitali.

Maudhi ya kwanza ni midomo. Wiki ya pili tu ikaanza kukauka, ya tatu ikapasuka. Ukicheka damu, ukipiga mwayo damu, ukila pilipili unaona nyota. Mafuta ya mgando yalikuwa kwenye mkoba, chini ya mto na mfukoni kwenye dera. Pua nayo ikakauka, siku moja ikanitoka damu kwenye daladala, konda akanipisha kiti cha mbele akidhani nazimia. Macho yanawasha kama yana mchanga. Usiku sioni vizuri kama zamani, nikaacha kuendesha baiskeli baada ya magharibi, na kwa mtu wa Tanga kuachana na baiskeli si jambo dogo. Mgongo unauma kama wa bibi, ukibeba ndoo moja ya maji unatafuta pa kukaa.

Na kabla haujapona unachafuka zaidi. Mwezi wa kwanza chunusi zilitoka hata sehemu ambazo hazikuwepo. Daktari alikuwa ameshaniambia, vinginevyo ningetupa vidonge baharini.

Zuri lilikuwa moja. Kidonge kinamezwa na chakula chenye mafuta, ndo mwili unakinyonya vizuri. Daktari anauliza, "Kwenu mnakula nini?" Nikamwambia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Akacheka, akasema basi wewe huna shida. Ramadhani ilipoingia nikampigia, akanihamishia kidonge kwenye futari.

Ila kuna maudhi ambayo hayaandikwi kwenye karatasi ya dawa. Ni midomo ya watu.

Mwezi wa tatu binamu yangu aliolewa. Unajua shughuli zetu: singo, liwa, ndani wanawake watupu, kila mtu anasuguliwa mpaka ang'ae. Nikaambiwa nikae kwenye mkeka. Mimi ngozi wakati huo inatoka kama karatasi, ukinigusa na kitu cha kusugua unaondoka nayo.

Nikasema, "Shangazi, shikamoo. Mimi ngozi yangu saa hizi haitaki kusuguliwa."

"Marahaba. Haitaki kusuguliwa, au imeshachubuliwa?"

Chumba kizima kikacheka. Maana yake natumia mkorogo. Mama akaingilia kunitetea, masikini, akasema, "Mwacheni, huyo yuko kwenye dozi."

Kimya. Jamani, kimya kile. Mtaani kwetu ukisema fulani yuko kwenye dozi, hakuna anayewaza chunusi. Nilikuwa nimepungua kidogo, midomo imepasuka, ngozi inabanduka. Wakanitazama, kila mtu akajumlisha kivyake. Jioni ile ile nikasikia kuwa mimi ni mgonjwa. Wiki iliyofuata nikasikia kuwa mchumba wa Muheza ndo kaniambukiza, na mimi mchumba wa Muheza simjui.

Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka. Na nikawaza wanaomeza dozi kweli wanaishije na macho yale kila siku.

MADHARA

Hapa usilete mzaha. Kichwa kikiuma sana huku macho yanaona ukungu au unatapika, acha kidonge uende hospitali siku hiyo hiyo. Ndo maana hii dawa haiunganishwi na doksi, zikikutana zinaweza kupandisha presha ndani ya fuvu. Usiongeze vidonge vya vitamini A, maana ni kama kujizidishia dozi. Tumbo likikaza vibaya, macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi, nenda. Ndo sababu nilikuwa natolewa damu kuangalia ini na mafuta kwenye damu, kabla ya kuanza na nikiwa katikati.

Halafu kichwa, namaanisha cha ndani. Mwezi wa nne nilikuwa nalia bila sababu. Sabuni imedondoka, nalia. Wataalamu bado wanabishana kama ni dawa yenyewe au ni uchovu wa kuishi na uso unaouchukia kwa miaka. Wanachokubaliana ni kwamba usinyamaze. Nilimpigia daktari. Akaniuliza nalala vipi, nakula vipi, na moja kwa moja bila kuzunguka, nimewahi kuwaza kujidhuru? Nikasema hapana. Akanipunguzia dozi na kuniambia nimwambie mtu mmoja nyumbani anitazame. Nikamwambia dada yangu. Wewe ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri miadi, mwambie mtu na uende hospitali muda huo huo.

SHOGA YANGU

Hii sehemu nimeandika kwa ruhusa. Naye jina kapuni.

Mwezi wa tano uso wangu ulikuwa umeanza kuongea wenyewe. Shoga yangu akaja nyumbani, akanishika kidevu, akasema, "Nigawie hata kumi tu, nitakurudishia." Nikakataa. Nikamweleza vipimo, nikamweleza mimba. Akasikia roho mbaya tu. "Unataka uwe mzuri peke yako." Akanibloku.

Akapata kwa mtu anayeuza mtandaoni, mmoja wa hawa wanaopigiwa debe na watu wenye wafuasi wengi. Zikaja karatasi mbili za vidonge zimezungushiwa gazeti. Hakuna boksi wala maelezo. Muuzaji aliuliza maswali mawili: uko wapi, na unalipa kwa mtandao gani.

Wiki tatu baadaye, saa nne usiku, simu ikaita meseji. "Upo?" Kabla sijajibu ikaja nyingine. "Siku zangu zimepita sita."

Asubuhi nilikwenda naye kupima. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri, mguu wake unatetemeka hadi benchi linatikisika. Hakuwa analia. Akaniambia kitu ambacho ndo kimenifanya niandike haya yote. Alisema, "Unajua yule muuzaji nilimpendea nini? Hakuniuliza kitu."

Kipimo kikasema hakuna mimba. Nesi akamwambia aache vile vidonge leo na arudi kupima tena baada ya wiki moja. Wiki ile, wadau, sijawahi kuona mtu anazeeka kwa siku saba. Akarudi, hakuna. Siku mbili mbele akaona siku zake. Tuliongea usiku ule mpaka bando likaisha. Lakini mwingine kwenye benchi lile lile, siku hiyo hiyo, anaweza kupata jibu tofauti, na vidonge vikawa vile vile.

NINACHOTAKA UONDOKE NACHO

Sisemi dawa ni mbaya. Uso wangu leo umetulia. Makovu yapo, mavimbe hayapo, nalala upande wowote. Ningeambiwa nirudie ningerudia, kwa daktari yule yule.

Nachosema ni kwamba yale maswali ya aibu ni sehemu ya dawa, kama kidonge chenyewe. Marekani tangu 2006 wana utaratibu unaoitwa iPLEDGE: daktari, famasi na mgonjwa wote wanasajiliwa, na mwanamke anayeweza kubeba mimba hapewi bila kupimwa. Wale wana hela na wana kila kitu, na bado wanauliza. Sisi tunaambiana "nigawie kumi" kama tunagawana karanga.

Tatizo ni kwamba sisi wasichana wa Pwani tumelelewa kukimbia maswali yale. Tunaona anayeuliza anatudharau na asiyeuliza anatuheshimu. Kumbe asiyekuuliza hakujali.

Kwa hiyo ukiandikiwa dawa ya chunusi, usitoke kabla hujajua ni dawa gani, inamezwa na nini, haichanganywi na nini, vipimo gani na lini, na dalili zipi zinakurudisha hospitali. Wasipokuambia, uliza wewe. Kama ni isotretinoini na wewe ni mwanamke, na hakuna aliyekugusia mimba, usimeze kwanza. Ukipata madhara, mwambie mhudumu wa afya ayaripoti TMDA, wana fomu ya njano kwa kazi hiyo. Na vikibaki, usimpe rafiki. Rudisha famasi waviteketeze.

Kaka zangu, haya yanawahusu pia. Midomo yenu itapasuka kama yetu, damu msichangie, na dada yako au mke wako akiona vidonge mezani asijaribu kimoja.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe uliandikiwa nini, na ilikufanyaje? Tuambiane ukweli humu, majina tuyaache kapuni. Anayekuja kuandika "naipata wapi", arudi juu aanze kusoma upya.